Hela ya santuri moja tu: Exodus, Kaya au Survival?

Kijana wa Makorora
Wakuu habari za jioni. Baba ametimiza miaka 65 mwezi huu, mimi na wadogo zangu tumechanga tukamnunulia pleya ya santuri maana ile yake ya zamani ilikufa tukiwa bado shule ya msingi, na santuri zenyewe nyingi zilishaliwa na unyevu wa Tanga. Sasa mimi kama kifungua mimba ndo nimepewa kazi ya kutafuta santuri ya kuanzia. Mzee ni mtu wa Bob Marley kufa na kupona. Hela iliyobaki inatosha santuri moja mpya, basi.

Nimechuja chuja zimebaki tatu, Exodus ya 1977, Kaya ya 1978 na Survival ya 1979. Kwa nilivyosoma huku na kule Exodus inasifiwa na kila mtu, Kaya ilipotoka ilisemwa sana, na Survival watu wanaigusa kwa juu juu wanapita. Naomba waliozisikiliza mwanzo mpaka mwisho wanisaidie, ila tafadhali msinijibu "zote kali" maana hilo nalijua.

besi_nzito
Mkuu chukua Exodus. Mimi napiga besi kwenye bendi ya hotelini mwaka wa kumi na moja huu, na kila nikikutana na kijana anataka kujifunza besi la rege namwambia akakae na Exodus mwezi mzima kabla hajagusa kitu kingine.

Ngoma ya kwanza tu, Natural Mystic. Inaanzia kimya kabisa, unadhani pleya haijashika, unasogea kuongeza sauti, halafu inapanda taratibuuu kama mtu anakuja kwa mbali barabarani mpaka anafika mlangoni. Kwenye simu huwezi kuisikia vizuri ile, ila kwenye santuri unakuwa umeshainama karibu na sindano na besi la Family Man, mpigaji besi wa Bob, linakukuta hapohapo.

Halafu fikiria hali aliyokuwa nayo Bob. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki wamemvamia nyumbani kwake Hope Road pale Kingston, yeye kapigwa risasi, mkewe Rita kapigwa kichwani, meneja wake kapigwa, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani kwenye tamasha la Smile Jamaica hivohivo na kidonda. Baada ya hapo akaondoka akaenda London, na hukohuko ndo Exodus ikarekodiwa. Upande A ni wa mtu aliyeponea chupuchupu, Guiltiness, The Heathen, mpaka ule wimbo wenyewe wa Exodus unafunga upande. Unageuza santuri, upande B unakuta Jamming, Waiting in Vain, Three Little Birds, One Love. Yaani upande mmoja vita na upande wa pili faraja.

Kuhusu kupokelewa hata hatubishani. Uingereza ilikaa kwenye chati wiki 56 mfululizo, na mwaka 1999 jarida la Time likaitaja kuwa albam bora ya karne.

DadaRoots254
Sasa wadau. besi_nzito nakuheshimu sana lakini wacha nitetee Kaya kwa sababu naona hakuna mtu atafanya hivyo.

Watu husahau Kaya na Exodus ni mapacha. Zilirekodiwa kipindi kimoja, London, 1977, nyimbo zikagawanywa, zingine zikaenda Exodus zingine zikabaki zikatoka Machi 1978 kama Kaya. Kwa hivyo hao wachambuzi walioandika ati Bob amelainika, ati amekuwa mtu wa mapenzi na bangi, walikuwa wanasikiliza mtu yuleyule, wiki zilezile, studio ileile! Ni vile tu za hasira ziliwekwa huku na za utulivu zikawekwa kule.

Na hata hizo za utulivu, geuza upande wa pili. Misty Morning, Crisis, Running Away, Time Will Tell. Running Away mwisho wake Bob anaanza kuongea kama mtu anajibizana na nafsi yake usiku, anaulizwa mbona ulikimbia, anajitetea, sauti inakwaruza. Huyo ndiye mtu amelainika? Mimi huo wimbo niliusikia vizuri mara ya kwanza nikiwa nimetoka nyumbani Kakamega kuja kutafuta kazi Nairobi bila kuaga baba yangu, nikakaa kwa kitanda nikalia. Sijawahi kuuchukulia poa tangu siku hiyo.

Tena kuna kitu kingine. Sun Is Shining, Kaya na Satisfy My Soul si nyimbo mpya za 1978, walikuwa washazirekodi huko nyuma karibu 1971, enzi za mtayarishaji Lee Perry. Ukisikia zile za kwanza halafu usikie za Kaya utajua Wailers, bendi yake, walikuwa wamekomaa kiasi gani, kila chombo kinapumua. Na wananchi waliipenda, Uingereza ilifika namba 4 na Exodus iliishia namba 8. Waliolalamika ni waandishi, si wasikilizaji.

Mzee wa 65 anataka kupumzika kwa kiti jioni. Mpe Kaya.

Mzee wa Kaseti
Vijana hamjambo. Nimesoma yote, nimefurahi kwamba kuna watu bado wanasikiliza albam nzima badala ya kurukaruka.

Mwanangu wa Makorora, mimi ninamzidi baba yako kidogo, niko Morogoro. Mwaka 1979 baba yako alikuwa kijana wa miaka 18, 19 hivi. Kabla hujanunua kitu jiulize kijana wa Kitanzania wa umri huo mwaka huo alikuwa anaishi kwenye nchi ya namna gani. Vita vya Kagera ndo kwanza vimeisha. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, makao yake yako Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Zimbabwe, wa Afrika Kusini, wa Namibia wanapita hapa, wana kambi hapa, wanatangaza kwenye Radio Tanzania hapahapa. Hapa kwetu Morogoro Mazimbu palikuwa na shule ya ANC ya Afrika Kusini, tulikuwa tunakutana na wale vijana sokoni, wengine umri wetu kabisa, ukimuuliza mama yako yuko wapi anakuambia sijui.

Oktoba mwaka huo inatoka Survival, na wimbo wa pili tu jina lake ni Zimbabwe.

Mimi niliipata kwenye kaseti. Binamu yangu alikuwa anafanya kazi bandarini Mombasa, akaipata kwa baharia akanakilia kwenye kaseti ya dakika 90, upande mmoja Survival na upande wa pili taarab. Utepe ulikuwa unajikunja, nimeshaurudisha kwa penseli sijui mara ngapi, na pale katikati ya Babylon System kulikuwa na sehemu sauti inazama kama sekunde mbili kwa sababu utepe ulishakanyagwa. Mpaka leo nikiisikia kwingine, hiyo sehemu nasubiri sauti izame na haizami.

Kava sikuliona mpaka miaka ya themanini kwa rafiki yangu mmoja. Bob mwenyewe hayupo kwenye kava la mbele! Fikirieni, mwanamuziki anayejulikana dunia nzima anatoa albam na picha yake haipo, zimejaa bendera za nchi za Afrika tu, na juu kwenye jina la albam nyuma ya herufi kuna ule mchoro wa meli ya watumwa ya Brookes, watu wamelazwa kama dagaa kwenye uteo. Aliyebuni ni Neville Garrick, ndiye aliyekuwa anawatengenezea makava. Tulikaa na rafiki yangu tukaanza kutafuta, hii Zambia, hii Msumbiji, hii yetu. Kuona bendera ya Tanzania kwenye santuri iliyotengenezwa Jamaika, sina maneno ya kuwaeleza.

Exodus ni albam bora, sikatai. Kaya ni tamu. Lakini zile mbili Bob aliimba akiwa London akijiuguza. Survival aliirekodi amesharudi kwao Kingston, kwenye studio yake mwenyewe ya Tuff Gong, baada ya kufika Ethiopia mwaka 1978 na kukanyaga Afrika kwa miguu yake. Na aliyekuwa anaongea naye safari hii ni sisi.

besi_nzito
Shikamoo mzee. Nimeelewa hoja yako na kuhusu historia sina la kuongeza, ila mimi naongelea sauti. Survival imejaa sana, magita mawili, Al Anderson na Junior Marvin wote wamo, tarumbeta, vinanda, I Threes wale waitikiaji wa kike, kila kona kuna mtu. Exodus ina nafasi, unasikia hewa katikati ya vyombo. Na mchanganyiko wa Survival, kazi ya mtayarishaji Alex Sadkin na kina Bob wenyewe, kwa sikio langu umeelekea kwenye soko la Marekani kidogo.

Alafu kupokelewa mzee wangu tuseme ukweli. Marekani Survival iliishia namba 70, Uingereza namba 20. Ukiitoa kwenye siasa za wakati ule inasimama vipi?

Mzee wa Kaseti
Marahaba mwanangu. Swali zuri na nitakujibu kwa besi hilohilo unalolipenda.

Nenda kasikilize One Drop, iko upande wa pili. Wewe mpigaji unajua, ngoma za kawaida teke la dramu linaanguka kwenye pigo la moja, lakini Carlton Barrett moja anaiacha tupu kabisa, anaangusha mzigo kwenye tatu. Moja inabaki shimo na mwili wako ndo unaliziba, ndo maana huwezi kukaa kimya ukisikia. Sasa wao wakachukua huo mtindo wakautungia wimbo, ngoma yenyewe ndo inakuwa habari. Hakuna siasa pale inayoisha na mwaka. Halafu rudi upande wa kwanza sikia Babylon System, pale hakuna one drop, ni mapigo ya nyabinghi, ngoma za ibada za Marasta, moyo kabisa, polepole, na sauti ya Bob haipigi kelele hata kidogo. Hiyo nayo imejaa vyombo?

Na kuhusu chati, chati ya Marekani haikuwa inahesabu kaseti ya binamu yangu.

DadaRoots254
Mzee hapo kwa kaseti umenimaliza. Hata kwetu ni hivyo, hakuna mtu alikuwa anaenda duka kununua orijino, na matatu zilikuwa zinapiga hizo nyimbo miaka na miaka. Nani alihesabu?

Lakini bado niko na Kaya. Aprili 22, 1978, mwezi mmoja tu baada ya Kaya kutoka, huyu mtu ati amelainika alikuwa kwa uwanja wa taifa Kingston kwa One Love Peace Concert, akawaita jukwaani waziri mkuu Michael Manley na Edward Seaga wa upinzani, mahasimu ambao wafuasi wao walikuwa wanauana mitaani, akawashikisha mikono juu ya kichwa chake. Kwa hivyo mimi nikisikia Easy Skanking sisikii mtu amesahau shida, nasikia mtu anavuta pumzi.

Mtoto wa Bukoba
Nimesoma kimya kimya sasa naona niingie, kuna kitu hakuna aliyekigusa.

Wengi wetu tuliozaliwa baada ya themanini Bob tulimjulia kwenye Legend, ule mkusanyiko wa 1984 wa nyimbo 14. Chukueni orodha yake mhesabu. Kutoka Exodus zimo tano: Exodus, Jamming, Waiting in Vain, Three Little Birds na One Love. Kutoka Kaya mbili, Is This Love na Satisfy My Soul. Kutoka Survival hakuna. Hata moja! Albam nzima ya nyimbo kumi imerukwa, So Much Trouble, Zimbabwe, Africa Unite, Ambush in the Night, zote nje. Na Legend ndo inauzika kuliko zote zake, ipo kila nyumba, kila baa, kila daladala yenye redio.

Kwa hiyo mkisema Survival inatajwa kwa juu juu mimi nadhani sababu mojawapo ndo hii, walioandaa ule mkusanyiko walitafuta Bob wa kupendwa na kila mtu, na Bob wa Survival hakai kwenye huo mkao. Kizazi kizima kikafungiwa mlango bila kujua kama kuna chumba. Inaniuma kwa sababu mimi nimekulia Bukoba, mji wa mwanamuziki wa rege Justin Kalikawe, watu wa rege hasa, na bado Survival nzima nilikuja kuisikia nikiwa na miaka 27, tena kwa bahati, kwenye flashi ya mtu. Nilikasirika kweli siku ile.

Swali langu kwa mleta mada, je baba ana Legend au alikuwa nayo? Kama ndiyo basi nusu ya Exodus anaijua kwa moyo, ukimletea Exodus unamletea vitu anavyosikia kila siku kwenye simu.

Ndugu Pwani
mimi naongeza la nne, Uprising ya 1980, ya mwisho aliyotoa akiwa hai, ina Redemption Song inafunga, gita moja na sauti moja, usiku mzee akikaa peke yake hamna kitu kama hiyo. ila najua umesema tatu basi tuheshimu

lingine, angalia unapoinunua. mimi mwaka juzi niliuziwa na jamaa mmoja santuri ameniapia mpya, nimefika nyumbani kava limechapwa limefifia kama fotokopi, na sahani yenyewe imepinda sindano inapanda na kushuka kama ngalawa. omba akufungulie uitazame kwa ubapa usawa wa jicho, na kwa Survival angalia bendera rangi zimetoka vizuri na ule mchoro wa meli watu wanaonekana mmoja mmoja, ukiona ni doa jeusi tu achana nayo

Mzee wa Kaseti
Ndugu Pwani ahsante, huo ni ushauri wa maana.

Kabla sijalala niongeze moja kuhusu kupokelewa, maana tumezungumza chati na magazeti kana kwamba albam inapokelewa madukani tu. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980, uwanja wa Rufaro, Salisbury, ndiyo Harare ya leo. Bendera ya Waingereza inashushwa, ya Zimbabwe inapanda, Prince Charles yupo, viongozi wa Afrika wapo, na bendi iliyoalikwa kupiga ni Wailers. Bob aligharamia mwenyewe kusafirisha vyombo. Watu waliofungiwa nje wakasukuma mageti waingie, polisi wakapiga mabomu ya machozi, moshi ukaja mpaka jukwaani, bendi ikabidi ikimbie na macho yanawaka. Wakarudi wakapiga. Kesho yake wakapiga tena kwa ajili ya wale wananchi waliokosa nafasi.

Wimbo umetoka Oktoba, Aprili nchi iliyotajwa kwenye wimbo inapata uhuru na mwimbaji yupo pale anauimba. Mimi sijui albam nyingine yoyote ya rege iliyopokelewa namna hiyo, na hiyo ni miezi sita tu.

besi_nzito
Nimetoka kuisikiliza Survival yote kwa headfoni, mara mbili. Mzee kwenye One Drop na Babylon System nimekubali, pale hewa ipo ya kutosha, nilikuwa naihukumu kwa zile za mwanzo mwanzo. Na Wake Up and Live pale mwisho inavyoachiwa itembee nilikuwa nimeisahau kabisa. Kwa mpigaji bado namwambia aanze na Exodus, hapo sibadiliki. Ila kwa huyu mzee wa Tanga mwenye miaka 65, baada ya maneno ya Mtoto wa Bukoba kuhusu Legend, naondoa kura yangu. Ampelekee Survival.

DadaRoots254
Mimi sitoi kura yangu lol, lakini ikienda Survival sitanuna. Krismasi mnunulieni Kaya.

Kijana wa Makorora
Wakuu samahani kwa kimya, kazi zilinibana. Shikamoo Mzee wa Kaseti, na wote asanteni sana, mmenifanya nisikilize hizi albam tatu usiku mfululizo.

Nilimpigia mama kwa siri nikamuuliza mzee alikuwa anapiga nini zamani. Akaniambia Legend ilikuwepo, tena mbili, lakini wakati wanachumbiana, kwenye 1983 hivi, kulikuwa na kaseti moja mzee alikuwa haachi, na mama hakumbuki jina ila anakumbuka mzee alikuwa anamtajia nchi za Afrika moja moja akiwa anaisikiliza. Nikasema basi imetosha.

Nikanunua Survival. Nimefuata ushauri wa Ndugu Pwani nikamwambia muuzaji aifungue, nikaitazama kwa ubapa, haijapinda, watu kwenye mchoro wa meli wanahesabika.

Jumapili tumempa. Hakuiweka kwenye pleya. Alivaa miwani akakaa barazani na kava mapajani kama dakika ishirini, kidole kinapita bendera kwa bendera, anataja kwa sauti, mdogo wangu wa mwisho anamfuata kwa simu kuhakikisha, na nchi kadhaa mzee anasema hii siku hizi wamebadilisha, hii pia. Ya kwetu aliiruka makusudi akairudia mwisho. Kisha akafika kwenye moja akasimama, akaigeuza geuza, nyekundu na nyeusi ina ndege na nyota, akasema hii siyo ya Afrika.

Mzee wa Kaseti nisaidie hapo, anasubiri jibu na amekataa kuweka sindano mpaka alipate.

Mzee wa Kaseti
Marahaba. Mwambie ana macho mazuri. Ni Papua New Guinea, ipo huko Pasifiki, nami ilinitesa miaka mingi. Aanze na upande wa pili, Africa Unite, aongeze besi kidogo.